Pélagie Amfundisha Msichana wa Kompyuta Kugeuka

Asubuhi Pélagie alichota maji, akalima mistari miwili ya maharage. Kisha akamfunga mtoto wake Gradi mgongoni, akatembea hadi Base Camp, katikati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye darasa la kompyuta. Kiuno kilimuuma. Macho nayo yalimuuma.

Alikuwa anatengeneza mchezo wa kompyuta. Ndani yake msichana anabeba kidumu, anafika njia panda, anageuka kulia, anafika bombani. Kesho yake angeuonyesha kwenye mtaa wa Ruharo, mjini Mbarara. Huko kampuni ndogo ya michezo hiyo ilitafuta mtu mmoja tu wa kumpa kazi.

Wiki nzima msichana hakufika bombani. Pélagie aliandika 90, yaani digrii tisini, robo ya mduara. Msichana akageuka kupita kiasi, akaingia shambani. Mwisho Pélagie alichoka, akalihamishia bomba kule shambani.

Mwalimu Gorret, aliyekulia kambi ya jeshi Mbarara, alitazama akacheka.

"Mama Gradi, huyu hawezi kuwa askari! Mimi nasema kulia geuka, yeye napita. Na bomba, nani aliweka huku?"

"Ni miye. Hapa Nakivale bomba ikihamishwa, sisi tunaifuata. Nikaona ni vile tu."

"Na kurudi nyumbani?"

Pélagie alibonyeza. Msichana alipaswa kugeuka nusu ya mduara, digrii 180. Akapotelea msituni.

"Nimechoka, mwalimu," Pélagie alisema. Machozi yalimlenga. "Shamba, mutoto, kazi mingi. Pengine ile fasi ya Mbarara si yangu."

"Ngoja. Hesabu yako iko sawa. Kipimo ndiyo hapana. Wewe napima na digrii, hii programu napima na radiani. Kama wewe kuuza maharage kwa kilo, na mwenzako anahesabu debe."

"Radiani ndiyo nini?"

Walitoka nje. Gorret alichomeka kijiti ardhini, akakifunga kamba ya urefu wa hatua moja. Akaivuta kamba, akazunguka nayo, akachora mduara. Kisha akaifungua, akailaza juu ya mstari wa mduara.

"Kamba moja juu ya mstari, hiyo radiani moja. Pima wewe. Nusu ya mduara nakula kamba ngapi?"

Pélagie alipiga magoti, akapima. Gradi alimvuta nywele.

"Tatu. Na kapande kadogo."

"Tatu nukta moja nne. Hiyo wanaita pai. Digrii 180 ni radiani pai moja."

Pélagie aliandika namba mchangani kwa kidole. "Basi digrii zangu nazizidisha kwa pai, halafu nagawanya kwa 180?"

"Hapo hapo!"

Kwenye kompyuta, digrii 90 zikawa radiani 1.57. Pélagie akalirudisha bomba mahali pake. Msichana akageuka, akajaza kidumu, akarudi nyumbani.

Kesho yake Pélagie alifika Ruharo, Gradi mgongoni. Mwenye kampuni aliitwa Medius. Hakusifu kitu.

"Weka mlima hapa," alisema. "Apande kwa digrii thelathini."

Pélagie aliandika 30, akazidisha kwa pai, akagawanya kwa 180. Ikatoka 0.52. Hakubahatisha. Msichana akapanda mlima mpaka juu.

"Njoo Jumatatu, saa mbili," Medius alisema. "Na huyo mtoto uje naye."

Pélagie alitoka, akaketi ngazini, akavua viatu. Kisha akampigia simu mume wake, Gervais.

"Bamenipa kazi, baba Gradi."

"Kweli?"

"Kweli. Miguu imeisha. Leo utapika weye."