Sura ya Mama Kwenye Fulana Nyeusi

Mama Theresia hanywi chai ya mtu mwingine kama Martina yupo nyumbani. Akipikiwa na mwanawe Philipo, anasema ina maji mengi. Akipikiwa na jirani, anasema wamebania tangawizi. Chai ya Martina anaimaliza, kisha anauliza kama sufuriani kumebaki.

"Mama, utanimalizia majani," Martina humtania.

"Nimekupa mtoto wangu mzima," mama hujibu. "Leo unanibania majani ya chai?"

Ndivyo siku zinavyoanza nyumbani kwao Iguguno. Philipo huondoka mapema kwenda kwenye mashine ya kukamua alizeti. Martina hufungua chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Hapo anachapa fulana za shule, za timu za mpira na za kwaya. Anazichapa kwa mkono, kwa fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba. Fulana huwa nyeupe, wino huwa mweusi. Kazi yake ni safi na watu wanaisifu.

Mama Theresia ni mama mkwe wake. Alikuwa mkunga wa zahanati mpaka alipostaafu. Watu wengi wa Iguguno walipokelewa na mikono yake. Martina mwenyewe alipojifungua mara ya kwanza, mtoto alitanguliza miguu. Theresia hakubanduka kitandani kwake mpaka mtoto alipolia. Tangu siku hiyo Martina haoni tofauti kati ya mkwe na mama mzazi. Anampenda, basi.

Mwaka huu wanawake wa pale waliamua kumshukuru mkunga wao. Walipanga wakutane Jumapili uani kwake, Wakristo kwa Waislamu, wapike na wacheze. Wote wangevaa fulana zenye sura yake. Walichagua fulana nyeusi, kwa sababu nyeusi haionyeshi masizi ya jikoni wala mafuta ya alizeti. Kazi ya kuchapa wakampa Martina.

Tatizo lilikuwa moja. Mama Theresia hapendi kupigwa picha.

"Chapa maua," alisema. "Maua yanapendeza."

"Mama, maua hayakuzalisha mtu."

Mama alicheka. Alimtazama Martina kwa muda. "Haya, nipige. Lakini ni kwa sababu ni wewe."

Martina akampiga picha kwa simu, akaenda nayo chumba cha mbele. Pale akaingiwa na wasiwasi. Mama ni mweusi sana. Fulana nayo ni nyeusi. Sura itaonekana wapi? Akafungua ile programu ya simu ambayo wasichana huitumia kujirembesha. Akagusa hapa, akagusa pale. Uso wa mama ukawa mweupe na mikunjo yote ikafutika.

"Sasa utaonekana," alijisemea.

Kilichobaki alikifanya kama siku zote. Alibadilisha kitu kimoja tu: aliweka wino mweupe badala ya mweusi. Akachapa fulana moja ya majaribio. Alipoinua fremu, karibu aiangushe.

Mboni za macho zilikuwa nyeupe. Tundu za pua zilikuwa nyeupe. Meno yalikuwa meusi kama mkaa. Mashavu hayakuwepo kabisa.

Bahati mbaya haibishi hodi. Mama Theresia alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kikombe chake.

"Huyu mzuka ni nani?" aliuliza, na alikuwa bado anatabasamu. Kisha akaiona simu mezani, na ile picha iliyorembeshwa. Tabasamu likaondoka. "Na huyu je?"

"Ni wewe, mama. Nilikung'arisha kidogo. Nilitaka uonekane."

Mama aliweka kikombe mezani, na chai ilikuwa bado imo nusu.

"Kumbe na wewe unaniona mweusi mno," alisema taratibu. "Sura yangu iacheni, mwanangu. Chapeni maua."

Akatoka.

Philipo aliporudi, alimkuta mkewe amejiinamia. Akasikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Umemgusa kwenye kidonda," alisema. "Alipokuwa msichana, shuleni walimwita Chungu. Kwa sababu ya rangi. Alinieleza mara moja tu, na hakurudia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi jambo analolificha mwenyewe?"

Martina alilia. Lililomuuma halikuwa fulana iliyoharibika. Mtu aliyemkalia kitandani siku ile ngumu alikuwa amedhani kwamba yeye, Martina, anamwonea aibu. Hilo asingekubali libaki. Ilikuwa Jumatano, na Jumapili ilikuwa karibu.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yao Cecilia. Cecilia anafanya kazi ya uchapaji mjini Singida na huwafundisha vijana kazi hiyo. Sasa alikuwa kwao Iguguno, amekuja kujifungulia kwa mama yake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mchanga amelala pembeni. Ni mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa.

Martina alimweleza juu juu. Ile fulana aliificha kwenye kikapu, chini ya kanga.

"Hebu nione," alisema Cecilia.

"Inatia aibu."

"Mficha uchi hazai, mwenzangu. Toa."

Martina akaitoa. Cecilia aliitazama, akacheka mpaka mtoto akaamka. Alipomaliza kumbembeleza mtoto, hakucheka tena.

"Sikiliza," alisema. "Fulana nyeupe ina mwanga wake tayari. Kwa hiyo wewe unaongeza giza. Unapaka nyusi, mboni, vivuli. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Fulana nyeusi ina giza lake tayari. Hapo unaongeza mwanga peke yake. Wewe umechukua mahali pa giza ukapaka wino mweupe. Ndiyo maana mama wa watu amekuwa mzuka."

Martina alishika kichwa. "Lakini mama ni mweusi. Huo mwanga nitautoa wapi?"

"Niletee ile kanga nyeusi pale kambani. Kisha nenda jikoni kwa mama yangu. Lete mahindi, mtama na uwele."

Martina alidhani ni utani, lakini akaleta. Cecilia akatandaza kanga chini.

"Hii ndiyo fulana. Jua likimpiga mama Theresia usoni, linang'aa wapi?"

Martina alifikiri. Uso ule aliujua vizuri. "Kwenye paji. Kwenye mifupa ya mashavu. Na ncha ya pua."

"Panga mahindi hapo, yakaribiane. Mashavu yanapoteremka, weka mtama. Karibu na kivuli, weka uwele, punje moja moja. Penye giza usiweke kitu."

Martina alipanga kwa uangalifu. Alipokuwa amepiga magoti, aliona nafaka tu.

"Rudi nyuma mpaka mlangoni," alisema Cecilia.

Martina akarudi nyuma, akageuka. Uso ulikuwa pale chini. Ulikuwa na paji, mashavu na pua, na ulikuwa mweusi.

"Ee!" alisema. Kabla hajasema la pili, kuku akapita na kula pua.

Walicheka wote wawili. Cecilia alimfukuza kuku kwa kandambili.

"Umeelewa? Wino wako ni mmoja tu, mweupe. Huna wino wa kijivu. Kwa hiyo unaigawa picha kuwa nukta. Nukta kubwa kama mahindi ni mwanga mwingi. Nukta ndogo kama uwele ni mwanga kidogo. Mtu akisimama mbali, jicho linaziunganisha lenyewe. Kompyuta yangu itakupangia nukta hizo, lakini lazima uiambie ukubwa."

"Si niweke ndogo kabisa, ili picha iwe laini?"

"Ukimwaga uwele kwenye chekeche la mahindi, nini kinatokea?"

"Unapita wote."

"Basi. Kitambaa cha fremu yako nacho kina nyuzi na matundu. Nukta ndogo mno haipati uzi wa kushikia. Inapotea, na picha inabaki na mapengo. Weka safu thelathini na tano za nukta kwenye inchi moja. Kitambaa nacho kiwe na nyuzi angalau mara nne ya hizo, yaani mia moja na arobaini kwenye inchi. Na picha uipe ukubwa wake kamili kabla ya kuigawa nukta. Ukiivuta baadaye, nukta zitaharibika."

"Na hii picha niliyorembesha?"

"Ifute. Umefuta mikunjo, umefuta vivuli. Bila kivuli hakuna sura, kuna sahani. Kapige nyingine. Mkalishe dirishani, mwanga utoke upande mmoja. Usiguse rangi yake."

Mambo ya nukta na wino Martina alikuwa ameyaelewa. Sasa ilibidi aende kwa mama.

Alimkuta uani anapeta mtama. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nisamehe. Sikukuonea aibu hata kidogo. Kazi ilinishinda, nikaona kosa ni la rangi yako. Kosa lilikuwa langu. Nimekwenda kufundishwa." Alivuta pumzi. "Naomba picha moja tu. Safari hii sitaigusa rangi yako."

Mama aliendelea kupeta. Makapi yaliruka na upepo.

"Ukiniharibu tena?"

"Fulana yenyewe nitaipigia deki kabla mtu hajaiona."

Mama hakutaka kucheka, lakini bega lilimtikisika. Akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akaketi karibu na dirisha, akautazama mwanga.

Kazi ya kuandaa picha waliifanya kwa mama yake Cecilia, kwenye kompyuta na printa ndogo alizokuja nazo Cecilia. Kwanza waliitoa picha rangi, ikabaki nyeusi, nyeupe na kijivu. Ukuta uliokuwa nyuma ya mama wakauondoa, ili fulana isiwe na boksi jeupe kifuani. Wakakoleza kidogo tofauti ya mwanga na kivuli. Wakaipa ukubwa wa kifua. Kisha wakaigeuza, mwanga ukawa giza na giza likawa mwanga. Mwisho wakaigawa kuwa nukta, wakaichapa kwenye karatasi inayopitisha mwanga.

Martina aliitazama karatasi, moyo ukamlipuka.

"Cecilia! Ni mzuka uleule!"

"Karatasi si fulana," alisema Cecilia. "Tulia. Palipo peusi kwenye karatasi ndipo wino mweupe utakapopita. Mzuka ubaki kwenye karatasi, mama aende kwenye fulana."

Martina alirudi kwake. Aliiwamba fremu kitambaa cha nyuzi alizotajiwa, akaipaka dawa inayogandishwa na mwanga, akaiacha ikauke gizani. Akaweka karatasi juu yake, akawasha taa kali, kisha akaosha kwa maji. Dawa iliyokingwa na nukta nyeusi haikuganda; ikatoka na maji, na nukta zikafunguka. Safari hii hakuanza na fulana nzima. Alijaribu kwanza kwenye kipande cha fulana kuukuu nyeusi.

Sura ilikuwa ya mama, ila mashavu yalikuwa meupe kupita kiasi. Akampelekea Cecilia kile kipande.

"Wino hutanuka ukiingia kwenye nyuzi," Cecilia alimweleza. "Kila nukta inanenepa kidogo. Turudi kwenye kompyuta tuzipunguze. Ndiyo maana tunajaribu kwenye kitambaa kuukuu."

Wakazipunguza. Martina akatengeneza fremu upya na kujaribu tena. Akakitazama kipande kile kwa muda mrefu, akafuta macho kwa mkono wenye wino. Kisha akachapa.

Jumamosi mchana alimpelekea mama fulana ya kwanza. Philipo alisimama mlangoni, hathubutu hata kukohoa. Mama aliikunjua mapajani. Alipitisha kidole kwenye paji, akashuka shavuni, akafika kidevuni.

"Huu weusi," aliuliza mwishowe, "umeupaka kwa wino gani?"

"Sikuupaka, mama. Ni wa fulana yenyewe. Mimi niliweka mwanga tu, pale unapokuangukia. Weusi wako niliuacha kama ulivyo."

Mama alirudi kwenye paji. "Na mikunjo yangu umeiweka yote."

"Yote."

"Huu wa katikati ni wa Philipo. Alinisumbua siku mbili kuzaliwa."

"Sasa mimi nimeingiaje hapo?" alilalamika Philipo, na wote watatu wakacheka. Martina alicheka huku analia, na mama akamvuta akamlaza kichwa begani.

Jumapili ua ulijaa. Kila ulipogeuka ulikutana na uso wa Theresia, umebebwa na watoto aliowapokea na mama zao. Mwanamke mmoja aliyetoka Mtinko alishika fulana ya jirani yake, akaisogeza karibu na macho.

"Mbona ni nukta tupu?"

"Rudi nyuma kidogo," Martina alimwambia.

Yule mama akarudi nyuma. "Ooh! Ni yeye mwenyewe!" Akaomba kwaya yao ichapiwe fulana za kahawia iliyokoza. Martina alikubali bila woga. Alimwambia alete picha yenye vivuli, isiyorembeshwa.

Alipokuwa bado anazungumza naye, alihisi mtu anamgusa mkono. Alikuwa Mama Theresia, ameivaa fulana yake juu ya gauni la kanisani. Aliusogeza uso wake mweusi, wenye jasho la kucheza, mpaka jua likaupiga vizuri.

"Toa simu yako," alisema. "Nipige picha."