Gogo Si Breki

Asya alikuwa akimenya muhogo wa chai pale mumewe, Haitham, alipoingia uani akichechemea. Kaka yake, Suhail, alikuwa amemshika mkono. Kiatu kimoja hakipo. Kidole gumba kimevimba na kucha imeng'oka.

"Gogo limeniponyoka," alisema Haitham, kama mtu aliyemwaga chai.

Asya alipandwa na hasira. Gogo tena! Kazi ya ndugu hawa wawili ilikuwa kupeleka boti za faiba pwani Chokocho, kutoka kwa mafundi wa hapa Wawi. Boti hupakiwa juu ya tela, na Suhail huendesha pikapu inayolivuta. Tela lenyewe halikuwa na breki. Basi kila penye mteremko Haitham huruka chini, akakimbia kando ya gurudumu na gogo la mkarafuu, akalitia mbele yake ili tela lisiisukume pikapu. Kazi hiyo ina jina, ati: mtia gogo!

"Leo kidole, shemegi," Asya alimwambia Suhail. "Kesho mtanletea mguu? Kesho kutwa mtanletea maiti?"

"Ajali tu hii. Kila ntu hapa atia gogo."

"Basi kila ntu akosea! Na wewe hukimbii. Wewe umekaa kwenye kiti."

Suhail alitazama chini. "Haya, n'tanunua breki. Muuzaji mmoja kaniambia nichukue za umeme. Ati ndizo za kisasa."

"Usinunue kitu mpaka tumuulize Yumna."

Yumna, binti wa jirani, ni fundi wa magari. Alikuja jioni, grisi bado i mikononi. Alisalimia, akamtazama Haitham mguu, kisha akauliza, "Tela lenu laingia majini?"

"Laingia mpaka magurudumu yazame," alisema Haitham. "Bila hivyo boti haielei."

"Basi za umeme hazikufaeni. Chumvi hula nyaya na viungo vyake. Leo zashika, baada ya muda zimekufa, nanyi mwaamini mna breki. Muuzaji hakukuulizeni kama tela laingia baharini?"

"Hakuuliza," alisema Suhail.

"Hakuuliza!" Asya alikibwaga kisu kwenye sinia. "Yeye shida yake kuuza tu!"

Yumna alikunja ngumi moja, akaisukuma kwa kiganja. "Chukueni za kujisukuma. Pikapu ikipunguza mwendo, tela huja mbele kwa uzito wake. Kwenye shingo ya tela pana kifaa. Kikisukumwa, hubana mafuta ya breki, na magurudumu ya tela hushikwa. Dereva akanyaga breki yake tu. Umeme hauhitajiki."

"Na wakati wa kurudi nyuma kuingia majini?" aliuliza Suhail.

"Hapo tela laweza kujifunga lenyewe. Kuna pini ya kukizuia kile kifaa. Itieni mkirudi nyuma, na muitoe kabla ya kuondoka. Mkiisahau, hamna breki. Tena chukueni za diski. Za dramu zimefunikwa, chumvi na mchanga hukaa ndani. Diski i wazi, huosheka. Kila mkitoka baharini, zioshwe kwa maji ya mfereji."

"Na gogo?"

"Gogo ni la tela lililokwisha simama."

Baada ya wiki mbili Yumna alizifunga breki mpya kwenye tela, akazijaribu tela likiwa tupu, kisha na boti. Safari ya kwanza Asya naye alipanda pikapu. Haitham alikaa katikati, mguu una bendeji.

Walipofika kwenye mteremko mkali, ng'ombe aliingia barabarani. Suhail alikanyaga breki. Nyuma yao tela lilijikamata, likatulia. Hakuna aliyeruka.

"Alhamdulillahi," alisema Suhail. "Mungu katusalimisha."

"Alhamdulillahi," alisema Asya, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Lakini breki zilikuwapo miaka yote, shemegi. Miaka yote mwamtumia mume wangu badala ya breki."

Suhail alimgeukia Haitham. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. Hakuwahi kumwambia neno hilo tangu wazaliwe.

Waliporudi Wawi, Suhail alivuta mpira wa maji, akaanza kuziosha diski. Haitham aliinuka kumsaidia.

"Kaa!" walimwambia Asya na Suhail kwa pamoja.