Nipe Mji, Mama

"Mwanangu haolewi kwenye viboko," Bi Kijakazi alisema, akageuza kitumbua.

Mbaruku alikaa kwenye mkeka uani, mikono mapajani. Alikuwa ametoka Mtera, kwenye lile ziwa jipya la bwawa la umeme, ambako kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kwa mashua kutazama wanyama na ndege. Mara mbili alishatuma mshenga kumposa Zena, na mara mbili mshenga alirudishwa. Safari hii kaja mwenyewe, jambo lisilofanywa, na Kariakoo nusu nzima ilishapata habari.

"Mama, viboko wana kwao na mimi nina kwangu. Nyumba ya bati, vyumba viwili."

"Na mamba?"

"Mamba wapo."

"Umesikia, Zena? Hata kuficha hafichi."

"Bora huyo asiyeficha, mama," Zena alijibu, mchi mkononi.

Bushiri alicheka pale mlangoni. Alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Kijakazi, karani wa duka la ushirika, na mwaka ule wa foleni za vyakula nyumba yao haikukosa sukari. Ndiye mkwe aliyetakiwa na mama.

"Shangazi, huko hata sinema hakuna. Mtu unakaa unatazama maji."

"Watu wanatoka Iringa na Dodoma kuja kuyatazama hayo maji, ndugu yangu," Mbaruku alisema.

"Hawana kazi."

Zena aliuweka mchi chini.

"Mama, twende tukaone. Ukishaona kwa macho yako ukasema hapana, nitaolewa na Bushiri na sitalia. Lakini sasa unakataa kitu hujakiona."

Mama alimtazama muda mrefu, kitumbua kikaungua.

"Hutalia?"

"Sitalia."

"Haya. Bushiri atatusindikiza."

Kwenye gari la moshi Bi Kijakazi aliwamaliza abiria kwa vitendawili. Mchezo ulikuwa ule ule wa uani kwake: ukishindwa unampa mji, ndipo naye akupe jibu. Na kwake mji ukishatolewa haurudi. Kufika Dodoma alikuwa kashapewa Tabora, Kigoma, na Nairobi juu.

Kutoka Dodoma walipanda basi hadi Mtera, na Mbaruku akawapakia kwenye mashua yake. Miti iliyofunikwa bwawa lilipojaa ilisimama mikavu katikati ya maji, na kila tawi lina mnandi aliyetandaza mbawa juani.

"Hawa nao wameanika nguo," alisema, akajifunga khanga vizuri.

Furukombe alishuka kama jiwe, akaondoka na samaki. Bi Kijakazi akasahau kwamba alikuja kukataa, akapiga kofi moja. Kisha akakumbuka, akanuna.

Mbele ya mashua yakatokea masikio mawili, halafu mgongo mpana, na nyuma yake mgongo mdogo. Mbaruku aliinua makasia.

"Mbona umesimama?" Bushiri aliuliza.

"Ana mtoto. Anavuka."

"Piga kasia tupite. Huyo ni mnyama, si askari wa barabarani."

"Hapa mwenye njia ni yeye."

"Kama unaogopa nipe mimi." Bushiri akasimama. Mashua ikayumba. Kiboko akageuza kichwa, akapumua kwa kishindo, akafungua mdomo.

"Kaa, Bushiri," Mbaruku alisema bila kupaza sauti. "Polepole."

Bushiri aliganda. Zena akamvuta shati, akamkalisha kwa nguvu. Mbaruku akairudisha mashua nyuma taratibu, kisha wakangoja. Jua liliwachoma.

"Huwa unangoja hivi?" Bi Kijakazi aliuliza.

"Nangoja mpaka amfikishe mtoto ng'ambo, mama. Mwenye mtoto hasukumwi."

Bi Kijakazi alimtazama yule mnyama na mwanawe wakipita, kisha akamtazama Zena.

"Mama," Mbaruku alisema, "kitendawili."

"Tega."

"Mchana kutwa yumo bafuni, usiku yumo shambani."

Kiboko alikuwa bado anapumua mbele yao. Zena alifumbua mdomo, mama akamfinya paja.

"Mwezi?"

"Siye."

"Mnandi?"

"Siye."

"Shangazi, si huyo hapo mbele..."

"Nyamaza, Bushiri. Wewe hujategwa." Bi Kijakazi alishusha pumzi. "Nimeshindwa."

"Basi nipe mji, mama."

"Nakupa Tabora."

"Tabora sina wa kumpeleka."

"Nakupa Nairobi."

"Nairobi mbali."

"Nakupa Kariakoo yote na soko lake."

"Mimi nilizaliwa Ilala, Kariakoo naijua."

Bi Kijakazi aliinama, akachovya vidole ziwani, akanawa uso.

"Nakupa Mtera."

"Nimepokea. Jibu ni kiboko."

"Una mji sasa," Bi Kijakazi alisema. "Kwangu haurudi. Mtume tena mshenga wako, na safari hii wewe ubaki kwenu kama watu."

Harusi ilifanyika Kariakoo, uani pale pale. Sukari ya chai aliileta Bushiri, kwa moyo au kwa haya, hakuna aliyeuliza.

"Bi Kijakazi," jirani wa Mchafukoge alimchokoza, "kweli umemtoa mwana kwa viboko?"

"Nimempa mwenye mji wake. Wako kapewa mwenye chumba cha kupanga."

Ndani, Zena alikuwa anavalishwa.

"Mama, kiboko alikuwa mbele ya pua yako. Kweli hukujua jibu?"

Mama alimtengeneza ushungi, akachelewa kuuachia.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kamfikisha mtoto ng'ambo, naye hajui kuogelea."

Zena alilijua jibu, ila machozi yalimtangulia.

"Si uliniahidi hutalia?"

"Ahadi ile ilikuwa ya Bushiri, mama."