Herufi za Kaburi la Kagunga

Karatasi ilitoka kwenye printa imelowa. Japhet akaipangusa kwa kiganja, akacheka, akasema mashine imezeeka. Jamani, mashine gani inatoka jasho? Lakini mtu akishapenda kazi yake humwambii kitu.

Yeye na mkewe Evaline walikuwa na ofisi ndogo Rusimbi, wakibuni herufi za kampuni. Ukitaka jina la bidhaa yako liwe na mwandiko usio wa mwingine yeyote, unakwenda kwao. Mwaka ule Warundi walipojaa Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, wakikimbia machafuko, kampuni moja ya unga iliagiza herufi zenye mkono wa mtu. Japhet akapanda boti kwenda Kagunga kutafuta miandiko, kama ilivyokuwa kawaida yake. Akaipata ufukweni, kwenye msalaba wa kaburi jipya, imechongwa kwa msumari. Akaweka karatasi juu yake, akasugua mkaa, akaondoka nayo. Hakumwomba mtu ruhusa. Hata pole hakutoa!

Kisha ikaja harufu, ya kanga mbichi zilizovunda kwenye beseni. Jua likiwa la utosi, vitufe vya kompyuta vikawa vinabonyea polepole, kimoja kimoja, na kiti kitupu. Siku hiyo Sia, binti yao wa miaka minne, alikuwa anacheza chini ya meza. Akaitika, "Ndaje, mama."

Ni Kirundi hicho, maana yake nakuja. Evaline ni wa Moshi, na mtoto hakufundishwa Kirundi na mtu.

"Nani anakuita?" Evaline akanong'ona.

"Mama."

"Mama ni mimi, Sia."

Mtoto akamtazama, kisha akakigeukia kile kiti kitupu.

Mélanie, Mrundi aliyekuwa akiwakatia karatasi, alipoiona ile ya mkaa, mkasi ulimponyoka. "Mana yanje, Mungu wangu! Huyu ni Ininahazwe. Mtoto wake alizama ziwani, hakuonekana tena, yeye akazikwa peke yake. Mumewe alimchongea jina ili atulie palepale. Bwana Japhet, wewe umemtoa."

Wakamwita Mwinshehe, mganga wa Ujiji. Akafukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka, akaamuru herufi zifutwe. Japhet akafuta zote, akachoma na karatasi.

"Kuna mtu mmeshampa?" Mwinshehe akauliza kwa sauti ya chini.

"Viroba vya unga vimeshachapwa, shehe. Viko madukani, kambini, kila mahali."

Mwinshehe akaanza kukusanya vitu vyake. "Basi na yeye yuko kila mahali. Mwondoeni mtoto."

Wakakimbilia stesheni mchana uleule, Evaline kamkumbatia Sia kifuani, na kumbe pale wapagazi walikuwa wanapanga viroba vya unga, kiroba juu ya kiroba, maandishi yamewaelekea wao, na ile harufu ya kanga zilizovunda ikawajia katikati ya vumbi jeupe, na Evaline akamfunika mtoto uso kwa mtandio huku akimwita, Sia, Sia, Sia mwanangu, asisikie sauti nyingine yoyote, mpaka akahisi kale kamwili kamelegea mikononi mwake, kametulia, kamelowa kuanzia nywele hadi nyayo, na jua linawaka.

Akamfunua. Sia akamtazama kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomtazama mgeni.

"Shikamoo," akasema. "Umemwona mama yangu?"

"Marahaba," Evaline akaitikia kwa mazoea, ndipo akaanza kupiga mayowe.