Jogoo Kishingo na Mayai ya Fundi

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili. Manyunyu yalianza kabla ya jua kutoka, na bati la banda la kuku likawa linalia tap tap tap. Chiriku aliwawekea kuku pumba na maji safi kama kila asubuhi. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Leo hakusema neno.

Shangazi alikuwa akizalisha kuku wa mseto. Jogoo wake, mtoto wa kuku anayetaga mayai ya buluu, aliwekwa pamoja na matetea wanaotaga mayai ya kahawia. Mabinti zao wangetaga mayai ya kijani, na manyoya yao yangekuwa ya kila rangi. Katika mpango huo kazi ya Chiriku ilikuwa moja tu: kutia komeo mlangoni.

Jumatano aliitwa kuruka kamba, akaliacha komeo wazi. Aliporudi alimkuta jogoo kishingo wa jirani, shingo tupu kama kidole gumba, anatamba katikati ya matetea. Alimfukuza, akafunga mlango, akanyamaza.

Sasa fundi cherehani alikuwa amesimama uani na kikapu.

"Kuku wangu anaatamia mawe tangu juzi," alisema akicheka. "Nimekuja kumtafutia kazi ya maana."

"Mayai haya ni ya jana na juzi," shangazi akajibu, akiyapanga kikapuni. "Baba yao ni jogoo wangu. Nakupa neno langu."

Neno langu! Chiriku alilitazama komeo. Yai halisemi baba yake ni nani. Lakini vifaranga vikitoka na shingo tupu, nani atamwamini shangazi tena? Ee Mungu, nifungue mdomo, aliomba kimoyomoyo.

"Mbona Chiriku kimya leo?" fundi alimtania. "Umemeza yai?"

"Shangazi, usimpe!" Machozi yalimtangulia. "Kishingo aliingia Jumatano. Mimi ndiye niliyeacha komeo wazi."

Shangazi alibaki na yai mkononi. "Tangu Jumatano tunakula pamoja, tunasali pamoja, na hukuniambia?"

"Niliogopa."

Fundi alivuta kikapu kwake. "Nipe hayo hayo. Nikijua ninachoatamisha, sijadanganywa. Wakitoka shingo tupu, nitawashonea kola!"

Shangazi alitabasamu kidogo, kisha akamwinamia Chiriku. "Tukimzuia kishingo wiki tatu, mbegu yake itakwisha matumboni mwa matetea na mayai yetu yataaminika tena. Lakini neno likichanganyika na uongo, mwanangu, halina banda la kulitenga. Komeo ulilisahau mara moja. Kunyamaza ulikuchagua kila asubuhi."

Chiriku alilivuta komeo hadi likagota, akawageukia wote wawili.

"Shangazi, na wewe fundi uwe shahidi. Naahidi sitaondoka hapa bila kufunga. Na nikikosea, nitasema siku hiyo hiyo, hata nikitetemeka."