Daftari Jipya la Benki ya Kabuga

Zuhura Mukagasana alikuwa akishona kwa mkono. Kabla ya vita alikuwa na cherehani yake mwenyewe kwenye baraza karibu na soko la Kabuga, nchini Rwanda. Sasa, Oktoba 1994, cherehani ilikuwa imeibwa. Mume wake, Rutayisire, aliuawa Aprili katika mauaji ya kimbari. Walibaki yeye na binti yao Shimwa, mwenye miaka tisa. Zuhura alitia viraka suruali za watu na kukunja pindo za sketi. Kwa alichopata, walinunua viazi vitamu na maharage.

Mchana mmoja alikuja Nyirahabimana. Huyu alikuwa karani wa Benki ya Wanachama ya Kabuga kwa miaka mingi. Alikuwa amekonda sana.

"Mama Shimwa, uko salama?"

"Niko, dada. Karibu ukae."

"Sikai. Jumamosi wanachama tunakutana benki. Kila mtu aje na kitabu chake cha akiba."

Zuhura alicheka bila furaha. "Benki gani? Ile nyumba hata mlango haina."

"Njoo tu," alisema Nyirahabimana, akaenda nyumba ya pili.

Zuhura alitoa kitabu chake. Alikuwa amekishona ndani ya bitana ya koti, akakimbia nacho kila mahali. Ukurasa mmoja ulionyesha akiba: faranga elfu sita. Mwingine ulionyesha mkopo: faranga elfu kumi na nane. Aliuchukua Februari ili kununua vitenge, na vitenge vyote viliporwa.

Alijua kuwa daftari kubwa la benki lilichomwa. Deni lake lilibaki limeandikwa mahali pamoja tu, mkononi mwake. Akikitupa kitabu kile chooni, angepoteza elfu sita lakini angeepuka deni la elfu kumi na nane. Siku tatu aliwaza. Hakumwambia mtu.

Jumamosi walikuja watu kama sabini. Zamani walikuwa zaidi ya mia tatu. Walikaa juu ya matofali, ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Alikuwepo pia Benon, mfanyabiashara aliyerudi kutoka uhamishoni Uganda. Hakuwa mwanachama. Alisimama kwa heshima.

"Poleni sana, ndugu zangu. Mimi natafuta nyumba ya duka. Niuzieni hii. Nitalipa leo, mgawane."

Watu walinong'ona. Wengi walikuwa na njaa. Zuhura naye alihesabu moyoni: fungu lake lingetosha gunia la maharage.

Nyirahabimana alisimama. "Kabla hamjajibu, nisikilizeni. Benki hii ilianza na watu thelathini na wawili. Wauza ndizi, mafundi, walimu wawili. Kila mmoja alinunua hisa, maana yake sehemu yake ya benki. Matofali haya waliyabeba kichwani. Mwenye hisa moja alikuwa na kura moja. Mwenye hisa kumi, kura moja vilevile. Ndiyo maana leo Bwana Benon anawaomba ninyi. Wenye benki ni ninyi."

Mzee mmoja aliinua mkono. "Lakini pesa zetu ziliibwa, binti yangu. Sanduku la chuma lilivunjwa."

"Sandukuni zilikuwa kidogo, baba. Pesa ya benki hailali sandukuni. Fundi anaweka akiba, mkulima anakopeshwa hiyo hiyo. Mkulima akilipa, fundi anapata yake na faida kidogo. Pesa zenu nyingi zilikuwa kwenu wenyewe. Zilikuwa mabati, mbuzi, vitambaa. Daftari limeungua. Nani anadaiwa kiasi gani, mnajua ninyi tu."

Wengine waliangalia chini.

Zuhura alisimama, kitabu mkononi.

"Mimi nadaiwa elfu kumi na nane," alisema. "Leo sina hata mia. Lakini nadaiwa. Andika."

Nyirahabimana alifungua daftari jipya, la shule, akaandika.

Kisha mwanamume mmoja akasimama nyuma. "Mimi elfu nane. Kitabu kimepotea."

"Nani anamshuhudia?"

"Sisi," walijibu majirani wawili. Akaandikwa. Wakafuata wengine, mmoja mmoja. Saa sita ilipofika, walioungama madeni walikuwa ishirini na watatu.

"Na marehemu?" aliuliza mama mmoja. "Yatima walipe deni la baba yao?"

Walipiga kura. Waliamua kwamba yatima wasidaiwe, na akiba za marehemu zitunziwe warithi wao. Hasara waibebe wote pamoja. Na wakakataa kuuza nyumba.

Zuhura alilitaja jina la Rutayisire, ambaye naye alikuwa mwanachama mwenye akiba. Nyirahabimana akaandika: mrithi, Shimwa.

"Kuanzia leo," aliwaambia wote, "kila mmoja ataje mrithi wake angali hai. Kitabu akiweke mahali pakavu, na nyumbani wajue kilipo."

Desemba benki ilifunguliwa, Jumanne na Ijumaa. Zuhura alipewa miaka miwili ya kulipa, akawa anapeleka faranga mia mbili kila wiki. Mafundi watatu, yeye akiwemo, walikopeshwa cherehani moja kuukuu. Walishona kwa zamu. Shimwa alirudi shule akiwa na sare.

Wanachama walimchagua Zuhura katika kamati, na Ijumaa alimsaidia Nyirahabimana kuandika. Ijumaa moja aliingia Benon. Alikuwa amepata duka mahali pengine.

"Nataka hisa, mama. Ishirini."

"Karibu. Lakini kura ni moja."

"Najua. Nilikuwepo." Alitabasamu.

Zuhura aliandika jina lake, kazi yake, hisa ishirini. "Mrithi?"

Benon alikuwa amerudi akiwatafuta watu wa baba yake kilimani kwao, na hakumkuta hata mmoja.

"Bado sina wa kuandika," alisema polepole.

Zuhura hakuuliza tena. Aliuacha mstari ule wazi, akaupepea wino kwa kiganja ukauke, akampa kitabu.

"Ukimpata," alisema, "njoo tumwandike."