Kifungo cha Shingoni

Giza lilikuwa linaanza kuingia mjini Jodhpur, India, walipofika kwenye duka la nguo za maharusi. Walikuwa watatu: Ratan aliyekuwa bwana harusi, mama yake Kesar, na Sugna, mjane wa kaka yake Ratan. Sugna aliletwa kubeba mifuko tu. Tangu mumewe Bhanwar agongwe na lori siku ya tisa ya ndoa yao, miaka kumi na mitatu sasa, hakuruhusiwa kugusa kitu cha harusi. Eti mkono wa mjane una nuksi. Mkono huohuo ndio uliompikia Ratan tangu ana miaka kumi, ukamfulia, ukampoza homa. Wakati huo nuksi hawakuiona.

"Shemeji, nichagulie wewe," Ratan alisema, sherwani mbili, makoti marefu ya harusi, mkononi. "Hii ya kijani nitafanana na ng'ombe wa maonyesho."

Sugna akacheka. "Ng'ombe ana haya kuliko wewe. Chukua hiyo nyeupe."

"Nani kakuuliza?" Kesar akafoka. "Kaa hukohuko mlangoni! Nguo yake iko tayari. Muuzaji, ilete."

Mzee muuzaji akasita, kisha akafungua furushi. Ndani mlikuwa na sherwani nyekundu, imetariziwa nyuzi za dhahabu hadi magotini.

Harufu ndiyo iliyomfikia Sugna kwanza. Msandali... na samli iliyoungua.

Chini ya kwapa la kushoto palikuwa na mshono wa uzi mweusi. Ulikuwa mshono wake mwenyewe. Nguo ilipasuka Bhanwar aliposhuka kwenye farasi siku ya harusi, naye akaishona kesho yake. Lakini maiti ya Bhanwar ilichomwa nayo kwa desturi yao, kwa msandali na samli. Sugna aliiona kwa macho yake ikishika moto juu ya kuni.

"Umeitoa wapi hii?" alimnong'oneza muuzaji.

"Mama mkwe wako kaileta juzi, niipunguze kiuno," mzee akanong'ona. "Nilidhani unajua."

Ratan alikwishaingia nyuma ya pazia kuijaribu. Akatoka ameivaa, kilemba kichwani, nyuzi za maua zikining'inia mbele ya uso wake kama ilivyo desturi. Kifungo cha shingoni tu kilikuwa wazi.

"Shemeji, nifungie hiki," alisema. "Kumvika bwana harusi si kazi ya shemeji? Vidole vyangu vimekufa ganzi..."

"Vua, Ratan. Vua sasa hivi!"

Sugna alinyoosha mkono. Kesar akaupiga kofi.

"Usimguse mwanangu, mkosi wewe!"

Kesar akakifunga kifungo mwenyewe.

Bega la kushoto la Ratan likashuka taratibu, vile alivyosimama Bhanwar maisha yake yote. Nyuma ya maua, mtu alivuta pumzi ndefu.

"Sugni..."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ila mumewe. Na Mungu amsamehe, moyo wake ulifurahi. Kwa nukta moja tu, ulifurahi.

Kesar alikuwa analia, ameibana mikono ya yule mtu kifuani mwake. "Umerudi, mwanangu. Umerudi."

"Na Ratan je?" Sugna aliuliza.

Kesar hakugeuka. "Ratan ulimlea wewe. Huyu ndiye wangu."

Hapo ndipo iliposikika sauti, chini chini, nyuma ya pazia.

"Shemeji... mbona giza? Nitoe."

Sugna akalivuta pazia kwa nguvu. Palikuwa na kioo, msumari, na shati na suruali ya Ratan. Hapakuwa na mtu. Alilishika shati. Bado lilikuwa na joto. Akalikunja kwa uangalifu, akalitia katika mmoja wa mifuko aliyobeba, pamoja na suruali.

"Beba mifuko," Kesar alisema. "Bibi harusi wake anangoja."

Sugna akabeba. Njia nzima yule mtu alitembea mbele, ameshikana mkono na mama yake. Na njia nzima, kutoka ndani ya mfuko, Ratan alikuwa anamwita.